Mwanachama Aujue Udongo wa Shamba Lake



Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, limelala kati ya milima ya Udzungwa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge kusini-mashariki. Miamba ya milima hiyo ni ya kale mno. Jua na mvua huimomonyoa, na mito huyachukua mabaki yake hadi bondeni.

Mto ushukapo mlimani huwa na nguvu ya kubeba mchanga na tope pamoja. Ufikapo kwenye tambarare nguvu hupungua. Mchanga, ulio mzito, hutua kwanza chini ya milima. Tope laini husafiri hadi katikati ya bonde, likatuama wakati wa mafuriko. Ndiyo sababu wakulima wawili wa kijiji kimoja waweza kuwa na udongo usiofanana.

Udongo wa kichanga na tifutifu wa kando ya milima hupitisha maji upesi, nao hufaa kwa mahindi, migomba na miwa. Mfinyanzi wa katikati hushika maji. Hapo mpunga hustawi, bali mahindi huoza mizizi.

Jambo hili lakihusu chama pia, hasa kinapoagiza mbolea ya aina moja kwa wanachama wote. Mbolea ya CAN ikitiwa katika jaruba lililojaa maji, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka hewa na kupotea. Huko yafaa urea au SA. Katika kichanga, mbolea ikitiwa yote kwa mara moja, mvua huizamisha chini ya mizizi. Heri igawanywe mara mbili. Mbolea ikipotea, deni halipotei, na mkopo uliodhaminiwa na chama hulipwa na wote.

Kipimo ni rahisi. Mkulima achimbe udongo kwa kina cha jembe, aulowanishe kidogo, kisha auviringe kiganjani kama kamba. Usioviringika ni kichanga. Unaoviringika lakini ukakatika ukikunjwa ni tifutifu. Unaokunjika kuwa pete bila kukatika ni mfinyanzi.

Katibu na aliandike jibu hilo daftarini, mbele ya jina la kila mwanachama, kabla ya kupeleka orodha ya pembejeo. Safu hiyo moja haikigharimu chama hata senti, nayo yaweza kuokoa mkopo wa msimu mzima.