Pengo Linapobanwa: Kwa Nini Vihami vya Kikaboni Hugeuka Metali

Mwaka 1990 watafiti wa maabara ya Argonne, Marekani, walichunguza fuwele nyeusi ya molekuli za kaboni, hidrojeni na salfa zilizopangwa matabaka, na baina ya matabaka hayo zikiwamo ioni zenye shaba na klorini. Wakemia huiita molekuli hiyo, kwa kifupi, ET. Fuwele hiyo ikipoozwa bila kubanwa, ni kihami. Ilipobanwa kwa takriban mara 300 ya mgandamizo wa angahewa, ilipitisha umeme bila ukinzani wowote chini ya kelvini 13, yaani nyuzi 260 za selsiasi chini ya sifuri. Huo ni mgandamizo wa baharini kwenye kina cha kilomita tatu. Shaba au chuma kikibanwa kiasi hicho, upitishaji wake haubadiliki kwa namna ya kutajika. Nashikilia kwamba wepesi huu wa kugeuka unatufunulia chanzo cha uhami wenyewe: elektroni zilikuwamo tangu mwanzo, na kilichozifunga ni kusukumana kwao.

Nadharia ya mikanda ya nishati iliyokamilishwa na Alan Wilson mwaka 1931 hufanya kazi ya kuhesabu: idadi ya elektroni ikiwa witiri, mkanda haujai, na kitu hutarajiwa kuwa metali. Kila jozi ya molekuli za ET huipa ioni elektroni moja, na hivyo jozi hubaki na idadi ya witiri. Kwa hesabu hiyo fuwele ingepaswa kuwa metali. Dosari ya namna hii iliwahi kuonekana mwaka 1937, pale de Boer na Verwey walipoonyesha kwamba oksidi ya nikeli ni kihami kinyume na matarajio, na Rudolf Peierls akashuku kusukumana kwa elektroni. Nevill Mott aliikuza fikra hiyo katika makala yake ya 1949. Elektroni ikitaka kuhama lazima itue kwenye jozi ambayo tayari ina elektroni yake, na kutua huko kuna gharama ya nishati. Kwa upande mwingine, kusambaa kote katika fuwele kuna faida yake ya nishati. Gharama ikizidi faida, kila elektroni hukaa ilipo. Sasa tazama mgandamizo unafanya nini. Molekuli yenyewe ni ngumu, lakini mapengo baina ya molekuli ni laini. Hayo ndiyo yanayobanwa kwanza, mawingu ya elektroni yanaingiliana zaidi, na faida ya kusambaa inapanda. Hakuna elektroni hata moja iliyoongezwa.

Mpinzani makini atasema kwamba kihami hiki kina mpangilio wa sumaku, na John Slater alionyesha mwaka 1951 kuwa mpangilio wa aina hiyo peke yake unaweza kufungua pengo la nishati. Hoja hiyo ina uzito, na isingekuwa rahisi kuijibu kama tungekuwa na fuwele moja tu. Lakini ipo ndugu yake, yenye ioni ya shaba na sianidi bila klorini. Mwaka 2003 kundi la Kazushi Kanoda, Japani, liliripoti kwamba spini zake, yaani sumaku ndogo za elektroni, hazijipangi hata kwenye kelvini 0.03, na bado ni kihami. Nayo ikibanwa hugeuka metali. Mwingine atasema mgandamizo hubadilisha mambo mengi kwa pamoja, hata gharama ya ndani ya jozi. Ni kweli, na ndiyo maana siutegemei mgandamizo peke yake. Weka bromini mahali pa klorini: chaji ni ileile, mpangilio ni uleule, na fuwele inapitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini 11 hivi bila kubanwa. Kisha badilisha hidrojeni za fuwele hiyo ya bromini ziwe deuteri, yaani hidrojeni nzito, badiliko lisilogusa idadi ya elektroni, nayo inarudi hadi mpakani mwa uhami. Njia tatu zisizofanana zinaisogeza fuwele kwenye mstari mmoja.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatokana na joto. Kwa kubana fuwele ya klorini kwa gesi ya heli, ambayo huruhusu mgandamizo kubadilishwa polepole sana, watafiti wa Tokyo waliona kwamba chini ya kelvini 40 hivi mgeuko ni wa ghafla, na juu ya hapo ni wa taratibu. Kwenye mgandamizo uliochaguliwa vizuri, fuwele inayopoozwa hupita kutoka kihami hadi metali, kisha hurudi kuwa kihami. Katika kihami chenye joto kila spini iko huru kuelekea kokote, kwa hiyo entropia yake inaizidi ya metali, na joto hupendelea kihami. Spini zikijipanga kwenye baridi kali, entropia hiyo huanguka, na kihami hurejea. Pengo la kawaida lisilohusu spini halina njia ya kueleza safari hii ya kwenda na kurudi.

Kuna wanaouliza faida ya jambo linalotokea kwenye baridi kali namna hii. Tangu Bednorz na Müller walipogundua mwaka 1986 kwamba oksidi za shaba hupitisha umeme bila ukinzani kwenye halijoto ya juu kuliko ilivyodhaniwa, swali kubwa limekuwa jinsi hali hiyo inavyozaliwa kando ya kihami cha Mott. Katika oksidi hizo, kuvuka mpaka kwa kawaida huhitaji kubadilisha idadi ya elektroni kwa kemia, na atomi ngeni huacha vurugu zinazochanganya vipimo. Katika fuwele za ET mpaka huohuo huvukwa kwa mgandamizo pekee, ndani ya kipande kimoja, huku na huku, mara nyingi kadiri mpimaji anavyohitaji.