Maisha ya Mji Mdogo Uliotulia



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10, tumeombwa sisi wa Mikindani tuseme machache juu ya kukaa katika mji mdogo usio na makelele. Wako waliocheka walipopata habari hiyo, wakauliza Mikindani kuna nini cha kusimuliwa.

Utulivu huu hatukuuomba. Ghuba yetu ilijaa majahazi zamani. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara, na mwaka 1895 Wajerumani wakajenga boma lao. Kisha meli zikawa kubwa, zikataka maji ya kina, na bandari mpya ikajengwa Mtwara, mwendo wa kilometa kama 10 tu. Biashara ikatuhama. Tukabaki na nyumba za mawe, nyingine hazina paa, na mikorosho yetu.

Vijana huenda Mtwara na Dar es Salaam. Hatuwalaumu, ingawa tungependa wakumbuke kurudi wakati wa kupuliza salfa, si wakati wa malipo tu.

Anayedhani utulivu ni upweke hajakaa kwetu. Hapa mtu akikohoa usiku, asubuhi huulizwa hali. Mwenye duka hutukopesha unga, sukari na mafuta ya taa, akaandika katika daftari, nasi husema, "Tutalipa korosho." Msimu mmoja malipo yalichelewa mno, na daftari likajaa hata kurasa za nyuma. Hakumfungia mtu mlango, lakini tulianza kupita njia ya nyuma ili tusionane naye. Ndipo walipokuja watu wa kangomba, usiku, na mabakuli yao. Baadhi yetu tuliwauzia. Twalisema hili mbele ya viongozi kwa sababu ni kweli: aliyeuza hakukichukia chama, alimwonea haya mwenye duka.

Jambo jingine ni la mizani. Mzee mmoja wa kwetu alipima magunia yake dukani kabla ya kuyapeleka ghalani, na huko kilo zikapungua. Hakupiga kelele. Jioni alibisha hodi kwa karani, ambaye nyumba yake ni ya pili kutoka kwake, akaamkiwa, akaketi, akasema, "Mwanangu, mizani yako inaumwa." Hakuongeza neno. Karani angefanya nini? Huswali naye safu moja, na mkewe huteka maji kisimani pamoja na wake za wale waliopunjwa. Siku ya tatu mizani ilitolewa nje, chini ya mwembe, na kila mkulima akasoma kilo zake kwa macho yake, au akasomewa na mtoto wake wa shule. Karani hakuhama. Twasalimiana naye kila asubuhi.

Kwa hiyo tuna maombi mawili kwa Chama Kikuu. Siku ya malipo itangazwe mapema, na ikibadilika tuelezwe sababu, ili tupate la kumwambia mwenye duka. Na mizani za vyama vyote vya msingi ziwekwe nje penye mwanga, hasa kule ambako karani na mkulima hawajuani hata kwa majina.