Kosa Ambalo Mbuzi Hawezi Kulimaliza

Fungueni Biblia, 2 Samweli 13. Tamari anaharibiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu anamwambia anyamaze. Daudi anakasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alimhukumu Amnoni. Naye alikuwa baba, tena mfalme! Miaka miwili baadaye damu ikamwagika kati ya watoto wake.

Ukimya wa namna ile tunao hata kwetu. Msichana wa miaka 15 ao 16 anapata mimba. Familia mbili zinaketi, wazee wa kanisa wanaitwa, kunaletwa mbuzi, vikwembe na makuta kidogo, kisha mchungaji anaombwa abariki. Wanasema msichana alikubali mwenyewe. Wanasema mwili wake umekwisha kukomaa.

Wapendwa, katika Kongo mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, msichana ao mvulana. Ni Katiba, kifungu cha 41. Na sheria 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kulala na mtoto kuwa ubakaji, hata kama hakupiga kelele, hata kama alisema ndiyo. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha miaka 7 mpaka 20, pamoja na faini.

Wazee wengi bado wanahesabu kwa sheria ya familia ya 1987, iliyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15. Hiyo ilibadilishwa Julai 2016: sasa ni 18 kwa wote wawili.

Wengine wanatuletea Kutoka 22:16-17, ya kwamba mwanaume alipe mahari aoe. Wasome mpaka mwisho wa mstari wa 17. Baba anaweza kukataa kabisa, na mwanaume analipa vilevile. Andiko lile lilimbana mwanaume. Leo tunalitumia kumfungulia mlango!

Sheria nyingine ya siku ileile ya 2006, yaani 06/019, inasema kwamba kulipa faini ya mapatano hakuzimi mashtaka ya makosa haya. Basi kama faini iliyolipwa mbele ya wakubwa wa sheria haizimi kesi, mbuzi aliyeliwa uani ataizima namna gani? Mwenye kutubu tutamwombea, na tutamfuata hata gerezani kumwombea. Lakini kesi si yetu.

Na sisi watumishi tusijifiche nyuma ya mimbari. Kifungu cha 171 bis kinaongeza mara mbili kiwango cha chini cha adhabu kwa mzazi, kwa mwalimu, na kwa mtumishi wa dini aliyetumia cheo chake vibaya. Wametutaja.

Kwa hiyo, mtoto akibakwa, asipelekwe kwanza kwa wazee ao kwa maombi ya usiku kucha. Apelekwe hospitali siku ileile, mama mmoja amsindikize. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya masaa 72, na mapema ni bora zaidi. Nguo alizovaa zisifuliwe. Kisha polisi ao parke. Maombi tutayafanya tukiwa naye pale hospitali.