Mfuko Mmoja, Mali za Aina Nyingi: Namna ya Kuchagua Mfuko Mchanganyiko kwa Akiba ya Muda Mrefu

(Mada iliyotolewa kwa wananchi, Mji Mkongwe, Unguja)



Nimepewa kazi ya kuzungumzia namna ya kuchagua mfuko wa uwekezaji kwa mtu anayeweka akiba ya miaka mingi: mzazi ambaye mtoto wake ameanza skuli mwaka huu na siku moja atahitaji ada ya chuo kikuu, au mfanyabiashara wa Darajani anayejiandaa kwa uzee bila ya pensheni. Nitaanza na karafuu, kwa sababu visiwa hivi vilijifunza somo hili zamani, kabla ya nchi yetu kuwa na soko la hisa.

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mwenye mashamba Unguja peke yake alipata hasara kubwa. Mwenye shamba kila upande alibaki na cha kuvuna. Katika miaka ya 1980 likaja somo la pili. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imeanza kujitosheleza kwa karafuu ya kwake, na bei ikaporomoka. Safari hii kuwa na shamba katika visiwa vyote viwili hakukumwokoa mtu, maana kilichoanguka ni bei ya zao lenyewe. Kwa hiyo anayetaka kinga hana budi kutawanya mali yake pahala tofauti, na pia katika aina tofauti.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na mfuko mchanganyiko. Watu wengi huchanga fedha zao pamoja, na meneja mwenye leseni huzigawa katika hisa za kampuni, hatifungani za Serikali na za kampuni, na amana za benki. Kila mwekezaji hupata vipande kulingana na fedha alizoweka. Thamani ya mali zote, baada ya kuondoa madeni na gharama, hugawanywa kwa idadi ya vipande, na hiyo ndiyo bei ya kipande. Hisa zimewekwa ili mtaji ukue kwa miaka mingi. Hatifungani na amana zimewekwa ili kupunguza mtikisiko pindi hisa zinaposhuka. Hapa nchini, mfano wa zamani zaidi ni Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005 na ambao sasa unasimamiwa na UTT AMIS. Nautaja kwa ajili ya kufafanua tu. Mamlaka haimwelekezi mtu kununua mfuko wowote.

Sasa, ndugu zangu, kabla ya kutia saini fomu yoyote, jiulizeni maswali manne.

Swali la kwanza: fedha hizi nitazihitaji lini? Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na hakuna mkulima anayeupanda kwa kutegemea ada ya muhula ujao. Tuseme nusu ya mfuko ni hisa, na hisa hizo zikashuka kwa asilimia 30 katika mwaka mmoja, huku sehemu nyengine ikibaki ilivyo. Mfuko wote utashuka kwa asilimia 15. Aliyeweka shilingi 2,000,000 atakuta 1,700,000. Mwenye miaka 15 mbele yake anaweza kusubiri. Mwenye kulipa kodi ya fremu mwezi ujao hawezi, naye atauza kwa hasara. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari za watalii, wafanyakazi wengi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje walikosa kipato. Kwa hiyo tangulizeni akiba ya dharura, walau ya matumizi ya miezi 3 hadi 6, iwe benki au katika mfuko wa ukwasi. Kinachobaki ndicho kiende kwenye mfuko wa muda mrefu.

Lakini kukaa na fedha taslimu kwa miaka mingi nako kuna hasara yake. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 tu kwa mwaka, kitu kinachouzwa leo shilingi 100,000 kitauzwa takriban shilingi 200,000 baada ya miaka 18.

Swali la pili: ndani ya mfuko mna nini? Jina halitoshi. Kampuni moja inaweza kuwa na mfuko mchanganyiko, mfuko wa ukwasi na mfuko wa hatifungani, na kila mmoja una kazi yake. Someni waraka wa toleo, muone kiwango cha juu na cha chini cha hisa kinachoruhusiwa, kisha muangalie ripoti ya karibuni muone hali ilivyo. Fahamuni pia kuwa mchanganyiko wa hapa una mipaka. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, lina kampuni chache, na sehemu kubwa ya thamani yake iko kwenye mabenki na viwanda vichache.

Katika swali hili limo suala la riba, ambalo wengi wenu hunong'ona badala ya kuliuliza. Mfuko mchanganyiko wa kawaida hushika hatifungani na amana zinazolipa riba, hata kama fomu haikuitaja. Anayejiepusha na riba aulize kama mfuko una bodi ya masheikh inayokagua uwekezaji wake, na kama sehemu ya hatifungani imebadilishwa kwa sukuk. Njia zinaongezeka: mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk yake ya kwanza. Ni haki yenu kuuliza, na ni wajibu wa meneja kujibu.

Swali la tatu: gharama ni kiasi gani? Kuna ada ya usimamizi inayokatwa ndani ya mfuko kila mwaka, na pengine ada ya kuingia au ya kutoka. Chukueni mfano huu, ambao ni hesabu tu wala si ahadi. Mtu anaweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 18. Jumla ya alichotoa ni shilingi 10,800,000. Akipata faida ya asilimia 9 kwa mwaka atakuwa na takriban milioni 26.8. Gharama zikila asilimia 1 zaidi, akabaki na asilimia 8, atakuwa na takriban milioni 24. Asilimia hiyo moja imemgharimu karibu shilingi milioni 2.8.

Swali la nne: nani anasimamia, na nani anatunza? Meneja wa mfuko hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mali za mfuko hutunzwa na mtunza dhamana, kwa kawaida benki, zikiwa mbali na mali za meneja. Anayekuahidi faida isiyobadilika kila mwezi, au malipo kwa kuleta watu wapya, huyo anaendesha upatu. Wapo wanaokumbuka DECI, iliyozuiwa mwaka 2009 baada ya kukusanya fedha za maelfu ya Watanzania. Ulizeni leseni kwanza. Fedha zifuate baadaye.

Mkishachagua, wekeni kidogo kidogo kwa tarehe maalumu, bei ikiwa juu au chini. Pitieni taarifa zenu mara moja au mbili kwa mwaka, na msihamehame kwa kufuata mfuko uliofanya vizuri mwaka jana, kwani faida ya jana haidhamini ya kesho. Siku ya kuzihitaji fedha inapokaribia, tuseme imebaki miaka 2 au 3, anzeni kuzihamishia kwenye mfuko tulivu zaidi, ili ada ya mtoto isitegemee bei ya hisa ya wiki hiyo.

Sasa nakaribisha maswali, na la riba lisionewe haya.