Ardhi ya Akina Dönhoff



Mwaka 1935 binti mmoja wa kikabaila, Marion Dönhoff, alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Tasnifu yake ilihusu ardhi ya ukoo wake mwenyewe: jinsi mashamba ya Friedrichstein, Prussia ya Mashariki, yalivyopatikana na kuendeshwa hadi wakulima watwana walipoachiwa huru. Ni mara chache mtoto wa mwenye ardhi kuyafunua madaftari ya babu zake kwa jicho la mtafiti.

Ukoo ulijipatia Friedrichstein mwaka 1666, karibu na mji wa Königsberg, na mapema karne ya 18 ukajenga kasri. Jembe lilishikwa na watu wengine. Mwaka 1807 mfalme wa Prussia alitangaza kufuta utwana, lakini amri ya 1811 ikataka fidia, na aliyefidiwa ni bwana. Mkulima mwenye haki ya kurithisha shamba alikatwa theluthi. Asiye na haki hiyo alikatwa nusu. Itafakarini hesabu hiyo, ndugu zangu. Mtwana alipewa uhuru, kisha akaulipia kwa udongo alioulima yeye na baba yake.

Januari 1945 jeshi la Kisovieti lilipokaribia, Marion alipanda farasi akaelekea magharibi katikati ya theluji, safari ya wiki nyingi hadi Westphalia. Kasri la Friedrichstein likateketea. Prussia ya Mashariki ikagawanywa kati ya Poland na Umoja wa Kisovieti, na Wajerumani wakafukuzwa.

Wengi waliofukuzwa walidai warudishiwe ardhi yao. Marion, aliyekuwa sasa mhariri wa gazeti la Die Zeit, aliunga mkono sera ya Kansela Willy Brandt wa Ujerumani Magharibi ya kuikubali mipaka mipya. Desemba 1970 Brandt alimwalika Warsaw kushuhudia mkataba wa kuikubali mipaka hiyo ukitiwa saini. Hakwenda. Wapo watakaoona kigeugeu hapo. Mimi naona uaminifu. Akili yake iliukubali mkataba, lakini hakuweza kusimama pale na kushangilia kwaheri ya kwao. Naamini pia kwamba aliyesoma jinsi ardhi ile ilivyopatikana hakuweza kuiita haki ya milele.

Hata hivyo hakuipa kisogo nchi ya kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sanamu ya mwanafalsafa Immanuel Kant ilitolewa Königsberg ikafichwa Friedrichstein, nayo ikapotea. Mji huo leo unaitwa Kaliningrad. Marion alihangaika hadi sanamu mpya ikachongwa kwa mfano wa ile ya kwanza, na mwaka 1992 ikasimamishwa mjini humo, mbele ya Warusi wanaoishi hapo sasa. Ipo mpaka leo. Kasri la Friedrichstein halipo tena, na kijiji chake kinaitwa Kamenka.