Yusufu Bado Anauzwa

(Hotuba ya mwanasheria mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi, Nairobi)



Tumeombwa tuzungumze kuhusu sheria na biashara ya kuuza watu. Tungeweza kuanza na vifungu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu sisi mawakili. Lakini twaomba tuanze na kisa ambacho kila mmoja wenu alifundishwa akiwa mtoto, kisa cha Yusufu, aliyeuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Tukumbuke mambo matatu katika kisa hicho. Kwanza, waliomuuza walikuwa ndugu zake wa baba mmoja. Pili, walipokwisha kumtupa shimoni waliketi, wakala chakula. Tatu, alipofika Misri, aliyefungwa gerezani ni yeye, wala si wale waliomuuza. Ukiyaelewa mambo hayo matatu, umeuelewa ugonjwa wa nchi yetu katika jambo hili.

Wako wanaodhani kwamba biashara hii ni mpya. La. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha makao ya watu waliokombolewa huko Frere Town, Mombasa, na kengele ya makao hayo ndiyo iliyolipa jina eneo la Kengeleni hadi leo. Hata hivyo, katika pwani yetu hii utumwa haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1907. Miaka 34 ilipita kati ya kufungwa kwa soko na kuondolewa kwa utumwa wenyewe. Mnada ulipokatazwa hadharani, biashara ilihamia vichochoroni. Wenzetu wa karne ile wametuachia somo kwamba amri iliyoandikwa huweza kufunga soko, lakini haimfungui mtu iwapo jamii bado inamhitaji mtumwa.

Leo sheria si haba. Kifungu cha 30 cha Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010 kinasema kwamba hakuna mtu atakayewekwa katika utumwa wala kulazimishwa kufanya kazi. Kifungu cha 25 kinaongeza kwamba uhuru dhidi ya utumwa ni miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Mwaka huo huo wa 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2012. Adhabu yake si ya mzaha. Mwenye hatia hufungwa kwa muda usiopungua miaka 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia kosa, ni kifungo cha maisha.

Twaomba mwelewe jinsi sheria hiyo inavyolitazama kosa, kwa maana wengi wetu huliona kosa na tusilitambue. Inatazama mambo matatu. La kwanza ni kitendo, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia, nayo yaweza kuwa nguvu, vitisho, udanganyifu, kuutumia vibaya unyonge wake, au kumlipa aliye na mamlaka juu yake. La tatu ni lengo, nalo ni kumnyonya. Hayo yakithibitika, haisaidii kitu kwa mshtakiwa kusema kwamba mhusika alikubali mwenyewe. Na akiwa ni mtoto, hakuna haja ya kuthibitisha njia. Kitendo na lengo vyatosha. Tena haihitajiki mpaka wa nchi uvukwe. Mtoto akitolewa kijijini akaletwa mjini ili anyonywe, kosa limetimia, hata kama hakuiona bahari wala uwanja wa ndege.

Sasa, ndugu zetu, tuwasimulie kisa kimoja. Miaka michache iliyopita tuliombwa tumsimamie mtoto wa kike wa miaka 13. Alikuwa ametolewa kwao na shangazi yake kwa ahadi ya shule. Darasa hakuliona. Kwa miaka miwili alilala jikoni, akaamka saa kumi ya alfajiri, akalea watoto waliokuwa karibu wa rika lake, wala hakulipwa chochote. Aliyemgundua ni mama mmoja wa kanisa, jirani wa nyumba hiyo, aliyemwona na jeraha la pasi mkononi.

Tulifurahi kesi ilipofika mahakamani. Kisha tukaisoma hati ya mashtaka. Sheria ya mwaka 2010 haikutajwa. Lilikuwamo shtaka la kujeruhi peke yake, kana kwamba mtoto huyo alitumbukia tu katika nyumba ile kutoka mawinguni, akapigwa. Kesi ikaahirishwa mara saba. Mara ya nane baba mzazi akasimama mbele ya hakimu, akasema familia zimekwisha elewana na kwamba hataki kuendelea. Baadaye tulikuja kujua kwamba alipewa ng'ombe mmoja wa maziwa na karo ya muhula mmoja ya mwanawe wa kiume. Hatukuweza kumchukia. Ndugu za Yusufu waliketi wakala ilhali nyumba ya baba yao ilikuwa na mifugo tele. Mzee huyu aliketi akala kwa sababu alikuwa na njaa kwelikweli.

Lakini pale kwenye ngazi za mahakama mtoto alituuliza, "Sasa mimi narudi kwa nani?" Tulikuwa mawakili wawili, tumevaa suti, tumebeba vitabu. Hatukuwa na jibu.

Tumelichukua swali hilo kuwa kipimo chetu. Mahali pa kumpeleka mtoto pasipokuwapo, kesi imekufa kabla ya kuanza, maana shahidi atarudishwa katika mikono ile ile iliyomuuza. Sheria ya mwaka 2010 yenyewe inaagiza uwepo mfuko wa kitaifa wa kuwasaidia waathiriwa. Tangu mwaka 2006 tunayo pia sheria ya kuwalinda mashahidi. Vyombo hivyo havitakuwa na maana kwa mwananchi iwapo ofisa wa kituo cha polisi hajui vipo, au anajua na hasemi.

Tugeukie watu wazima. Vijana wetu, hasa wasichana, wanakwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kutafuta kazi za nyumbani. Wengi wamefanya kazi kwa heshima, wakajenga nyumba za wazazi na kusomesha wadogo zao. Tusiwatukane kwa kuwaita wote watumwa. Lakini kwa miaka mingi mfumo unaoitwa kafala umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na aliyemkimbia mwajiri katili aliweza kukamatwa yeye kama mhalifu. Huyo ndiye Yusufu katika gereza la Misri. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha upelekaji wa watumishi wa nyumbani Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala. Je, uhitaji wa kazi ulisimama? Haukusimama. Marufuku huifunga njia inayoonekana, na mwenye shida huifuata ile isiyoonekana, ambako hakuna mkataba wala anayejua jina lake.

Tena mtego haumnasi asiyesoma peke yake. Mwaka 2022 Wakenya walikombolewa huko Myanmar, baada ya kuahidiwa kazi nzuri nchini Thailand na kujikuta wamefungiwa katika makambi ya kuwatapeli watu kwa kompyuta. Miongoni mwao walikuwamo vijana wenye elimu. Hapa nyumbani nako, watoto wenye ulemavu wameletwa kutoka Tanzania na kuketishwa kando ya barabara za Nairobi wakiomba, na sarafu tunazowatupia huishia katika mfuko wa mtu mwingine. Sadaka yetu ndiyo mshahara wa mwenye kuwauza.

Twafika mahali pagumu. Ni rahisi kuilaumu serikali, na harakati hizi zilianzishwa na watu waliokataa kunyamaza. Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi Desemba 1991, waliotutangulia walikuwa wamekwisha kulipa kwa vizuizi, kwa virungu na kwa machozi. Twawaheshimu. Lakini sisi tuliokuwa watoto wakati huo tuna ushahidi wa kutoa. Wazazi wetu walipokuwa wakirudi kutoka mikutano ya kudai uhuru, aliyewafungulia lango mara nyingi alikuwa msichana mdogo wa kijijini, rika letu. Tulikula chakula alichopika. Sisi tulikwenda shule asubuhi, yeye akabaki. Hatukumwuliza jina la baba yake. Tulidai vyama vingi barabarani, na nyumbani tukaendesha utawala wa mtu mmoja.

Kwa hiyo tusiseme kwamba mageuzi yamekamilika kwa kuwa tunapiga kura. Mageuzi yasiyofika jikoni ni nusu ya mageuzi.

Basi tufanye nini? Twapendekeza mambo machache, na tumeyachagua yale yanayowezekana.

Kwanza, tuidai sheria kwa jina lake. Ukienda kituoni kuripoti, usiseme tu kwamba mtoto amepigwa. Eleza ametoka wapi, ameletwa na nani, kwa ahadi gani, na anafanya kazi gani. Hakikisha maelezo yako yameandikwa katika kitabu cha matukio, nawe uondoke na nambari yake. Polisi wakikataa, mtafute kiongozi wa mashtaka. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, na kinakataza kutozwa ada ya kuifungua kesi ya aina hiyo.

Pili, tumtambue aliyeuzwa kuwa ni mwathiriwa. Sheria ya mwaka 2010 inasema hatahukumiwa kwa kuwamo nchini bila kibali, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kuuzwa kwake. Bado twaona watu wa namna hiyo wakishtakiwa kama wahamiaji haramu na kurudishwa mpakani, huku aliyewaleta akienda kutafuta wengine. Wanaharakati walio karibu na mahakama wahudhurie kesi hizo na kuwatafutia washtakiwa mawakili.

Tatu, kanisa lijichunguze. Mara ngapi tangazo la kazi za ng'ambo limesomwa baada ya mahubiri kwa sababu wakala ni muumini mwenzetu? Mara ngapi tumefanya harambee ya nauli, tukamwekea msichana mikono na kumwombea, pasipo hata mmoja wetu kuuona mkataba wake? Hatusemi msiombe. Twasema kabla ya kuomba, someni. Wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba uwe katika lugha anayoielewa anayesafiri. Nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki kwa familia, na nyingine kwa mzee wa kanisa, pamoja na jina la mwajiri na mji anaokwenda. Zipangwe siku za kupiga simu, na simu isipokuja, kengele ipigwe. Watu wa Frere Town walikuwa na kengele yao. Nasi tuwe na yetu.

Nne, tuache kuimaliza kesi ya mtoto sebuleni. Mzee wa ukoo, chifu na mchungaji wakiketi wakamgawia baba ng'ombe, hawajapatanisha mtu. Wamelipa bei.

Tano, na hili ndilo linalotugharimu: kila parokia na kila ushirika utafute nyumba moja iliyo tayari kumpokea mtoto wa namna hii kwa kibali cha mahakama na chini ya uangalizi wa ofisa wa watoto. Watawa wa Kikatoliki wamejiunga katika mtandao wa kimataifa kwa kazi ya kuwasaidia waliouzwa tangu mwaka 2009, na tarehe 8 Februari kila mwaka humkumbuka Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa akiwa mtoto na kufa akiwa mtawa huru mwaka 1947. Si lazima uwe Mkatoliki ili kujifunza kwao.

Na wanaokuja kutuomba kura, tuwaulize mambo mawili. Mfuko wa waathiriwa umetengewa kiasi gani katika bajeti waliyoipitisha? Na nyumba za kuwahifadhi ziko wapi katika kaunti yetu? Asiyejua ajibu kwamba hajui, na tuliandike jibu lake.

Yusufu alipoonana tena na ndugu zake alikuwa na mamlaka, na ghala la nafaka lilikuwa mikononi mwake. Wengi wanaouzwa kwetu hawafikii ghala. Wanarudi wakiwa mikono mitupu, wengine ndani ya sanduku. Hatuwezi kungoja wawe wakuu ndipo tuwatambue kuwa ni ndugu zetu.

Mtoto yule wa kwenye ngazi za mahakama hatimaye alichukuliwa na yule mama jirani, baada ya sisi kurudi kwa hakimu na ombi jingine. Kesi dhidi ya waliomtumikisha haikufufuka, na jambo hilo bado latuuma. Lakini alikwenda shule. Tulichoshindwa sisi mawakili wawili kwa vitabu vyetu, alikianza mwanamke mmoja wa kanisa kwa kuchungulia juu ya ua na kuuliza jeraha limetoka wapi.

Twendeni tukachungulie.