Intaneti Imekwama Kituo Gani?



Tarehe 1 Novemba 1870 kifurushi cha barua za mpelelezi Daktari Livingstone kilifungwa Zanzibar kupelekwa Ujiji. Kikavuka hadi Bagamoyo, na msafara ukakaa nacho pale zaidi ya miezi mitatu. Kilipofika Unyanyembe, huku kwetu Tabora, vita vya mtemi Mirambo vikaziba njia, kikalala tena. Mwishowe mwandishi wa habari Stanley akakichukua, akamkabidhi mwenyewe Ujiji Novemba 1871. Mwaka mzima! Na wala si kwamba njia ilikuwa ndefu mno. Barua zililala vituoni.

Sasa mtu wa Isevya mwenye faiba, video ikigoma anapiga huduma kwa wateja: "Intaneti yenu mbovu!" Anajibiwa: "Zima ruta, subiri kidogo, washa." Hakuna kati yao anayejua mzigo umelala kituo gani.

Anzia ndani. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Intaneti ikikimbia, faiba haina neno, mgonjwa ni Wai-Fai yako. Nyumba zetu nyingi zina kuta nene, halafu ruta tunaificha kabatini nyuma ya televisheni, eti isiharibu sura ya sebule! Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta huyachosha upesi, ya 2.4 hupenya zaidi. Itoe ruta kabatini, iweke juu, katikati ya nyumba.

Hata kwa waya inasuasua? Tazama kile kiboksi ambacho faiba inaingilia. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Faiba ni uzi wa kioo. Ukiukunja kona kali, mwanga unavuja palepale. Ufuate kwa macho mpaka nje. Umebanwa na mguu wa kochi? Panya wameuonja? Tawi la mwembe limeulalia? Miembe ni fahari ya mji huu, lakini upepo wa mvua za kwanza hauchagui pa kuangushia tawi. Ila usichomoe ncha ukaichungulia: leza yake haionekani, na jicho halina spea.

Taa zote ni za kijani na bado hakuna kinachofunguka? Muulize jirani kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ikahangaika. Siku ile hata ungenunua ruta mpya, ungekuwa umetupa hela.

Na hapo ndipo ninapogombana na watoa huduma. Mkato ukiwa baharini au kwenye mkongo wa taifa, wao hujua kabla yetu. Meseji moja ingetosha. Badala yake mteja anaambiwa azime ruta kwa mara ya tatu, na siku za kifurushi chake cha intaneti zinateketea.

Kwa hiyo piga picha ya zile taa, andika saa, waambie ulichokwisha kupima, kisha dai namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hupokea malalamiko ya mteja aliyeshindwa kusaidiwa na mtoa huduma wake. Nenda na picha na namba hiyo mkononi.